Mgeni wa Mama Haachwi Nyumbani

Jumamosi, 7 Machi. Masara.

Biashara moto! Wachimba dhahabu wamenunua beseni kumi na moja kabla ya saa sita. Nyumbani Kisegi wanajua niko huku kutembelea wagonjwa wa kanisa. Sisi Wasabato hatuuzi siku ya leo, lakini beseni hazijabatizwa.

Nimenunua saa inayosema, ya kumkumbusha Mama dawa yake ya presha. Unarekodi sauti saba, moja kwa kila siku. Mama amepoteza kumbukumbu. Bado anamjua dada yangu Nyamusi. Mimi ananiita Fundi. Miezi mitatu sasa hajataja jina langu, na inauma, yawa! Basi kila asubuhi atasikia: Mama, ni mimi Momanyi, mwanao mpendwa, meza dawa. Jina litarudi tu. Sauti ya mwisho, ya Jumamosi, nimerekodi huku mteja akinivuta shati. Sikuisikiliza. Itafaa.

Jumapili, 8 Machi. Kisegi.

Saa nne kamili nikasema. Yaani, saa ikasema. Mama akaiamkia, akameza dawa! Kisha akaiwekea kikombe cha chai. Akamuuliza Nyamusi mgeni huyu katoka wapi, ana adabu sana. Nikamweleza kwamba huyo ndiye mimi. Akaniambia, Fundi, usimkatize mgeni.

Jumanne, 10 Machi.

Mgeni amepewa chai na viazi vitamu. Mimi nimeambiwa ningoje.

Nyamusi amecheka hadi kushika mbavu. Ila amekiri dawa haijasahaulika hata siku moja. Lakini lile neno "mpendwa" anataka niliondoe. Eti anayemwogesha Mama miaka miwili hii ni nani? Neno nimeliacha palepale. Nashindwa na saa niliyoinunua mwenyewe!

Ijumaa, 13 Machi.

Nyamusi anasema kesho saa ibaki nyumbani. Mama amekataa katakata. Mgeni haachwi peke yake siku ya Sabato, aende kanisani kama watu wengine. Mengi amesahau, hilo hajasahau.

Nimemuunga mkono Mama. Kumbe hii ni bahati! Saa nne kanisa zima litasikia nani ni mwana mpendwa. Kesho siendi Masara. Nimepiga koti pasi. Nimemwomba Mzee Nicanor, mzee wetu wa kanisa, tukae benchi la mbele.

Jumamosi, 14 Machi.

Mama alimkalisha mgeni katikati yetu, amemfunika leso. Mzee Nicanor akaanza kuomba. Tukafumba macho. Saa nne ikafika.

Mama, ni mimi Momanyi, mwanao mpendwa, meza... beseni mia mbili, kaka! Chukua mbili, Masara Jumamosi ni bei ya kutupa!

Macho yote yalifumbuka. Hata ya Mzee Nicanor, kabla ya amina. Nikatafuta pa kuingia chini ya benchi.

Mama akasimama. Akanitazama mimi, si saa. Momanyi, akasema. Momanyi wangu, unauza siku ya Sabato? Ndivyo nilivyokulea?

Jina langu! Nililia mbele ya watu wote. Walidhani ni toba, wakasema amina. Nyamusi peke yake alijua, akanishika mkono.

Mama amenigombeza kwa jina mpaka getini. Sijawahi kufurahi hivyo. Mchana akaniuliza, Fundi, umeshakula?

Jumapili, 15 Machi.

Nimewaza usiku kucha. Wema haukumbukwi. Makosa yanakumbukwa! Nafuta sauti zote saba na kurekodi upya. Jumatatu: Mama, meza dawa, Momanyi ndiye aliyeuza redio ya Baba. Jumanne: Momanyi alikula sadaka akiwa darasa la nne. Kila siku kosa moja, kila siku jina langu. Makosa sikosi, kazi ni kuchagua. Nyamusi anasema nitamuua Mama kwa presha. Wivu huo.

Mzee Nicanor ametuma ujumbe. Wiki ijayo nisimame mbele ya kanisa nikiri, asubuhi, Sabato. Nimemjibu kwamba ningependa sana, ila kuna mgonjwa Masara.