Naomba Karatasi ya Mitungi Iondolewe Mlangoni

Bukavu, tarehe 9 Machi

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Ofisi ya Mizigo ya mashua La Patience,
Bandarini, Bukavu

Bwana Mkurugenzi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote wanaopanda na kushuka mlima wa Kadutu, na bado nina malalamiko. Mambo haya mawili yanawezekana kwa pamoja, kama utakavyoona.

Jina langu ni Ignace Mushagalusa, fundi wa kuunga vyuma. Huenda unanikumbuka kwa mitungi yangu ya oksijeni, au kwa arusi yangu ya wiki saba zilizopita, ambapo ulikaa meza ya tatu na ukatuletea blanketi jekundu. Tunalitumia. Mke wangu ni Joviale, karani wako, yule aliyekuwa akipokea mitungi dirishani kabla hujampeleka ndani kuandika risiti. Joviale. Nimeliandika mara mbili bila sababu, unisamehe. Narudi kwenye jambo.

Wiki moja baada ya arusi yetu, ofisi yako ilibandika mlangoni karatasi kubwa yenye kichwa "Mtungi wako uko tayari kusafiri?" Chini yake kuna michoro sita: mtungi uliovaa kofia ya chuma, mtungi wenye lebo ya gesi, mtungi unaoonyesha tarehe yake ya kupimwa, mtungi usio na mafuta, mtungi wenye majina ya mtumaji na mpokeaji, na mtungi uliosimama wima ndani ya fremu ya mbao, umefungwa kamba. Mtoto wa darasa la pili anaielewa. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Niruhusu nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa yakienda zamani, karatasi hiyo ilipokuwa haijazaliwa na mlangoni kulikuwa na kalenda tu ya mwaka uliopita.

Tonton wangu, yaani mjomba, Firmin, mwenye karakana kule Minova, aliniomba nimtumie kwa mashua mtungi wa oksijeni. Mmoja tu. Siku ya kwanza niliufikisha kwenu umezungushiwa shuka nyeupe, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Msichana wa dirishani akaifunua, akaniuliza: "Papa, kofia yake iko wapi?" Nikavua yangu nikampa. Hakucheka. Akanieleza kwamba vali lazima ifunikwe kwa chuma, maana mtungi ukianguka na vali ikavunjika, unaruka kama roketi na kuitoboa mashua. Nikarudi Kadutu na mtungi wangu, nikiwaza mambo mengine kabisa.

Siku ya pili kofia ilikuwepo, lakini neno OXYGÈNE nilikuwa nimeliandika kwa chaki, na mvua ya Bukavu unaijua. "Chaki ni ya masomo," akasema. "Huku tunataka lebo. Utarudia mardi."

Mardi, yaani Jumanne, lebo ilikuwepo. Ila mimi, kwa kutaka kumpendeza, nilikuwa nimeupaka mtungi mzima rangi ya bluu, nikaifunika ile tarehe iliyogongwa kwenye bega lake. Akanipa brashi ya waya. Nilikwangua dakika arobaini mbele ya dirisha lake, na ningeweza kukwangua mpaka Pasaka.

Siku ya nne nilikuwa nimeipaka vali mafuta ya mawese ili ing'ae. Hapo alitoka nje kwa mara ya kwanza, nikamwona mzima, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Weye, unataka kutuuwa? Oksijeni na mafuta haviketi pamoja hata siku moja!" Alikuwa amekasirika kweli. Akanieleza jinsi moto unavyoweza kuzuka hapo bila kiberiti, mashua ikiwa katikati ya ziwa, na maman na watoto wao wamekaa juu ya mifuko ya muhogo. Nikafahamu kwamba huyu ni mtu anayewahangaikia watu asiowajua hata majina. Jioni hiyo nilimwambia mama yangu kwamba nimepata mke. Akaniuliza anaitwa nani. Nilikuwa bado sijui.

Siku ya tano nilikuwa nimeandika "Kwa Tonton, Minova." Akasoma, akasoma tena. "Tonton wa nani? Minova yote imejaa batonton." Akanifundisha kwamba mtungi husafiri na jina kamili na namba ya simu ya mpokeaji, na ya mtumaji pia. Namba yangu niliiandika kwa tarakimu kubwa kuliko ya tonton.

Siku ya sita niliamini kila kitu kiko sawa. Lebo nilikuwa nimeinunua asubuhi hiyohiyo. Joviale, maana sasa nilikuwa nimeshalijua jina, akaitazama kwenye mwanga, akageuza shingo huku na huku, akasema kijani chake kimepauka kidogo. Mimi niliona kijani cha kawaida, lakini mimi si mtaalamu. Ilikuwa vendredi, Ijumaa. Nilirudi lundi, Jumatatu, na lebo nyingine, mtungi ukapokelewa, na mimi nikapokelewa. Tonton Firmin alikaa wiki tatu bila oksijeni, na hata arusini kwetu alikuwa bado ananung'unika, huku anacheza.

Sasa yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Karatasi inaeleweka mno. Zamani mtu aliondoka dirishani akijua kosa moja, akarudi na kosa la pili, na kati ya makosa hayo watu wakafahamiana. Siku hizi anayajua yote sita kabla hajatoka kwake. Anafika, anapewa risiti, anakwenda. Hakuna hata anayeulizwa ameamkaje.

2. Kando ya mlango mmeweka sanduku lenye kofia za akiba, lebo mpya na kamba. Kwa hiyo hata yule aliyejitahidi kukosea anasahihishwa papo hapo. Huku ni kumfukuza mtu kwa wema.

3. Mtungi wa mchoro wa sita umechorewa uso unaotabasamu. Sioni kwa nini.

4. Ndugu yangu Willy. Hili ndilo linaloniuma, Bwana Mkurugenzi, na yote mengine nimeyaandika ili nilifikie.

Willy ana miaka ishirini na tisa. Anaunga chuma vizuri kuliko mimi, lakini mdomo wake unafunguka kwa shida kuliko mlango wa kanisa siku ya lundi. Kwa kuwa kanuni zenu hazimruhusu karani kuandika risiti ya mzigo wa mumewe, tangu arusi mitungi ya Minova huileta yeye. Dirishani yuko Virginie, unamjua, yule anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mara ya kwanza Virginie alimrudisha kwa ajili ya kofia. Mara ya pili alimrudisha kwa ajili ya chaki (chaki ileile, nilimwachia mimi). Siku hiyo Willy alifika nyumbani akaimba. Hatujawahi kumsikia akiimba. Joviale aliacha kuchuja sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ili asikilize.

Mara ya tatu akaikuta karatasi. Mtungi wake ukapita kwa dakika nne. Tangu hapo ameleta mitungi mingine mitatu, yote imepita, na hajapata hata sababu ya kusema "pole." Juzi alijaribu kuusimamisha mtungi bila kamba. Mlinzi wenu, kwa huruma, akamfungia kamba hiyo.

Na wakati haungoji. Shangazi yake Virginie, aliyeko Bunyakiri, ameanza kumtajia mwanaume mmoja wa huko mwenye pikipiki mbili. Pikipiki mbili, Bwana Mkurugenzi, na huyo mtu anaongea!

5. Fikiria sasa mashua yako mwenyewe. Mitungi isipokosea, watu hawarudishwi. Wasiporudishwa, hawaoani. Wasipooana, hawajengi. Wasipojenga, hawahitaji milango ya chuma, wala madirisha ya chuma, wala geti. Bila geti, fundi kama mimi hana cha kuunga, na fundi asiye na cha kuunga hanunui oksijeni. Miaka kumi ijayo La Patience itakwenda Minova bila mtungi hata mmoja, na karatasi yako nzuri itakuwa inawafundisha nzi waliotua mlangoni.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima yote, karatasi iondolewe, sanduku lifungwe, na kalenda ya zamani irudishwe mahali pake. Kama kuna wakubwa wanaotaka karatasi ionekane, basi ibandikwe juu, karibu na dari, tena nyuma ya mlango. Na kama hilo nalo haliwezekani, fomu ya mzigo iongezwe mstari mmoja, chini ya uzito wa mtungi: "Mtumaji ana mke?" Mwenye mke apite haraka, anasubiriwa nyumbani, mimi najua. Mseja arudishwe mara nne kwa uchache, kila mara kwa kosa moja.

Sikuombi hata kidogo usafirishe mtungi mbovu. Joviale angenihamishia kwa mama yangu. Kofia ivaliwe, lebo ionekane, mafuta yasikaribie. Ninachoomba ni kwamba watu wayajue haya polepole.

Unisalimie makarani wote, nahodha, mlinzi mwenye huruma, na mzani wenu unaolia kila unapokanyagwa. Maman Georgette, mke wako, umwambie kwamba blanketi linatosha watu wawili, na kwamba tunalala tukimshukuru.

Nabaki mteja wako mwaminifu, niliyekuja kutuma mzigo mmoja nikajaliwa maisha yangu yote,

Ignace Mushagalusa
Fundi wa kuunga vyuma, Kadutu

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga barua Joviale aliponiomba aisome. Nikaifungua. Alipofika kwenye lebo ya siku ya sita alicheka mpaka akaweka chini sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Bwana Mkurugenzi, lebo haikuwa imepauka. Ilikuwa nzima kabisa, na mtungi ulikuwa tayari kusafiri. Ila ilikuwa vendredi, na yeye alitaka niwepo lundi.

Halafu nikamwuliza ni mtaalamu gani wa Kinshasa aliyewaletea karatasi hiyo isiyo na huruma. Akasema aliiandika yeye mwenyewe, pale ofisini, wiki ile tuliyooana, kwa kuwa hakuwa tena na mtu wa kumwambia arudi kesho, na watu wa Minova walikuwa wanasubiri oksijeni. Uso unaotabasamu alinichora mimi.

Kuhusu Willy, Joviale ameniambia kwamba wiki iliyopita Virginie alimwuliza yeye swali moja, naye alikuwa anangoja siku ya kunifikishia. Nakuandikia kama Virginie alivyolisema: "Ule Willy, balimufunga na kamba ku mutungi? Hawezi kuja ye peke yake?"

Nimemfikishia Willy sasa hivi. Anapiga pasi shati, na anaimba.

Karatasi iache mlangoni.