Injini ya Marehemu Elias

Hamphrey alikuwa anamalizia hindi la kuchoma pale njiapanda ya Kitai, huku akiangaza macho kumtafuta wa kumlipia, aliposikia wanawake wawili benchi la nyuma wakizungumza kwa sauti ya watu wasio na siri.

"Wifi, kesi yangu na Adinani imelala mpaka imeota majani," alisema mmoja, mama mnene mwenye ndoo ya dagaa wa usipa miguuni. "Injini ya boti ya marehemu mume wangu iko stoo kwake Mbinga. Yeye anasema ameishika kwa deni la nyavu. Mimi nasema deni lile marehemu alilimaliza. Hakimu wa kwanza kahamishwa, wa pili kahamishwa, mimi nauli ikaniishia. Na mtoto anavua kwa kasia! Juzi upepo wa mwera umemrudisha jua la utosi, mimi nimesimama ufukweni mwa ziwa tangu alfajiri."

"Pole, wifi. Na Bernadi wa Lituhi anavyohangaika na injini! Hela anayo, injini hana."

Hamphrey akaacha kutafuna.

Hapa yafaa tumtambulishe kwa heshima zake zote. Alizaliwa kijiji cha Ruanda, huko milimani, akalikimbia jembe mapema. Sheria hakusoma, ila alikuwa na suti moja, pikipiki moja kuukuu, faili la kaki lililoshiba magazeti ya zamani, na Kiswahili cha mahakamani kinachomtiririka kama maji ya bomba lililopasuka. Watu wa Mbinga aliwaambia anaamsha kesi zilizolala na kuzilaza zilizo macho. Bei ilikuwa ileile kwa huduma zote mbili, na matokeo pia: hakuna.

Kesho yake asubuhi alikuwa dukani kwa Adinani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kama umekuja kukopa, aliyekuwa anakopesha kasafiri."

"Nimekuja kukuokoa. Kesi ya mjane wa Lituhi imeamka."

Adinani akaiweka mizani chini. "Imeamka? Kaiamsha nani?"

"Mzee, kesi ni kama kichanga. Hujui kilichomwamsha, unajua tu kwamba analia." Hamphrey akalipapasa faili kwa huruma. "Dalali wa mahakama yuko njiani. Akiikuta injini stoo, umeikosa. Asipoikuta, ataandika mali haikuonekana, na kesi italala usingizi wa moja kwa moja. Nipe nikuhifadhie kwa mjomba, Ruanda, chini ya magunia ya kahawa. Nani ataitafuta injini ya boti mlimani?"

Adinani akafikiri. Alijua vizuri kwamba deni la nyavu lilikwisha kitambo, na kwa sababu hiyo hasa hakutaka kuonana na hakimu yeyote, awe wa kuhama au wa kubaki.

"Na ukitokomea nayo, bwana wee?"

"Mimi?"

"Wewe. Acha pikipiki hapa."

Hamphrey akapiga hesabu za haraka. Injini moja ingenunua pikipiki tatu zenye afya kuliko ile yake inayokohoa. Akatoa ufunguo.

"Na kadi yake," akasema Adinani, mkono bado umenyooka. "Iliyosainiwa."

Jioni hiyohiyo gari la mizigo lilimteremsha Hamphrey Lituhi, na injini imevishwa magunia kama bibi harusi. Bernadi alimpokea ufukweni, tumbo mbele, akacheka.

"Nzuri. Lakini huku kwetu injini hainunuliwi kavu, ndugu yangu. Tuitie majini tuisikie."

Mtu wa milimani angejuaje? Hamphrey akakubali kwa tabasamu. Injini ikafungwa kwenye boti, Bernadi akavuta kamba. Ikakohoa, ikapiga mluzi mwembamba kama birika linalochemka, kisha ikanguruma.

Wanawake waliokuwa wanaanua usipa kwenye vichanja wakasimama wima. Kule ufukweni injini huitambua kwa sauti kabla boti haijaonekana; ndivyo wanavyojua mume wa nani amerudi salama na nani aanze kuchochea moto.

"Elias!" bibi mmoja akapiga kelele. "Hiyo ni ya Elias!"

Kijana mmoja akaangusha kasia lake mchangani. Watu wakamiminika, na katikati yao akaja mama mnene, bila haraka yoyote. Hamphrey alimtambua kabla hajafika. Ni yule wa Kitai.

"Shikamoo, mama," akawahi kuamkia.

"Marahaba, mwanangu." Mama Hildegardi akawageukia watu. "Jamani, wakili wangu huyu! Kanitolea injini kwa Adinani, na hanidai hata senti!"

Vigelegele vikapasuka. Chini ya vigelegele hivyo mama akamsogelea sikioni. "Chagua, mwanangu. Ukiwa wakili, unakula ugali kwa samaki mbasa, unaondoka. Ukiwa mwizi, mwenyekiti wa kijiji ni yule mwenye kofia."

"Kumbe pale Kitai ulinijua?"

"Benchi la mahakama nimelikalia mpaka limechukua umbo langu. Nilikuona ukimlia mama wa watu kuku wake, eti unamwamshia kesi. Nikasema, mahakama imeshindwa kuitoa injini yangu, acha tumjaribu mwizi. Na mwizi angeipeleka wapi? Kwenye shamba la kahawa?"

"Na Bernadi mwenye hela?"

"Kaka yangu. Hata petroli hiyo tumekopa."

Hamphrey akachagua uwakili. Mbasa alikuwa mtamu, tusimnyime haki yake. Alipokuwa akinawa, kijana Joakim aliizungusha boti mara moja mbele ya mama yake, naye mama akaisikiliza ile injini akiwa amefumba macho.

Kule Mbinga mambo yalikuwa mafupi.

"Injini iko wapi?" akauliza Adinani.

"Imekamatwa, mzee."

"Basi na pikipiki imekamatwa."

Hamphrey akafungua kesi ya kudai pikipiki. Hakimu alikuwa ndiyo kwanza amehamishwa. Akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka kesi ikalala naye akaanza kulala ubavuni mwake, pale benchini, penye shimo la mtu mnene aliyekaa hapo muda mrefu.

Siku moja akagutushwa na kijana nadhifu, suti imenyooka.

"Kaka, pole. Kesi imelala? Mimi huwa naziamsha."

Hamphrey akalitazama faili la kaki kwapani mwa kijana, jinsi lilivyonona, akajua kabisa kilichomo ndani. Kisha, Mungu amsamehe, akajisogeza kumpisha akae.