Maoni Juu ya Toleo la Pili la Kifuko, Kabla ya Posa ya Mkwaja

Mabawa, Tanga
Jumatatu

Kwa Mtunzaji wa Kifuko,
Bibi Samiha, mjukuu wa marehemu ndugu yangu,

Shikamoo yako niliipokea kwa simu, na marahaba niliitoa. Sasa tuandikiane kiofisi.

Umetangaza katika ukurasa wa Kifuko, ile maktaba yako ndogo ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ambayo mtu yeyote duniani huichukua bure, kwamba unapanga maboresho ya toleo la pili na kila mtumiaji atoe maoni. Mimi ni mtumiaji. Tangu mkutano wa mwaka jana, ukoo wetu huipa kompyuta kanuni yako iitwayo "panga" ili iwaorodheshe wazee kwa idadi ya arusi, mazishi na posa walizohudhuria. Anayeongoza orodha ndiye msemaji wa ukoo.

Jumamosi tunapeleka posa ya kijana wetu Hamdani kwa akina Sabiha, Mkwaja. Kanuni yako imemtoa mzee mwenzangu Tahiri wa kwanza. Mimi, niliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minane, ni wa pili, na wa pili hubeba sinia la tambuu na hasemi neno. Hamdani nilimfundisha kusoma mimi. Maneno ya posa yake nimekwisha kuyatunga, kurasa nne. Tahiri atasema "tumekuja", kisha ataulizia chai. Jana, mbele ya watu msikitini, aliniambia: "Mwalimu, sinia usiliinamishe, tambuu itamwagika."

Kwa hiyo naomba maboresho yafuatayo.

1. Kanuni zako hazina adabu. Godlisten wa Lushoto, mwenzako katika kazi hii, alinijibu ukurasani kwamba kanuni safi hupokea ilichopewa, hurudisha jibu, na haigusi kitu kingine chochote. Mgeni wa namna hiyo tunamjua. Huingia, husema lililomleta, huondoka bila kunywa hata maji, na wenye nyumba hubaki wakijiuliza wamemkosea nini. Katika toleo la pili, kila kanuni ianze kwa kumwarifu mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomo orodhani, naye aseme kama ameridhika. Mzee huyo, kwa bahati, ni mimi.

2. Kanuni yako ikiulizwa jambo lile lile, hutoa jibu lile lile. Niliiuliza mara saba. Godlisten anaiita hiyo sifa. Mimi naiita ukaidi. Mtu mzima akiulizwa mara saba huelewa kwamba jibu lake la kwanza halikupendeza.

3. Nikiondoa jina la Tahiri, naletewa orodha mpya, na ile ya kwanza inabaki ilivyo, yeye akiwa juu. Naomba kifutio.

4. Kifuko huamini kila kinachoambiwa. Kila mzee hujaza mwenyewe idadi ya shughuli zake, wala kanuni haimuulizi nani alimwona. Tahiri amejiandikia ishirini na sita, mtu ambaye saa tatu ya asubuhi bado amelala. Toleo la pili lidai shahidi kwa kila shughuli, na shahidi awe mtu wa nyumbani, asiyedanganyika. Hili ndilo ombi langu zito kuliko yote.

5. Mabadiliko yote hupitishwa na vijana watatu: wewe, Godlisten, na yule bwana wa Brazili ambaye hata jina la baba yake hatulijui. Kifuko kiwekwe chini ya baraza la wazee, litakalokutana kila mwezi nyumbani kwangu. Bwana wa Brazili aje ajitambulishe. Hadi atakapofika, msimbo wake usimame.

6. Baraza liwe na mwenyekiti wa kudumu. Jina nimekwisha kulijaza.

Ningefurahi kuliona toleo hilo kabla ya Ijumaa, ili nipate siku moja ya kupiga pasi kanzu.

Msalimie mama yako, shangazi zako wote wa Ngamiani, Godlisten pamoja na majibu yake, na Mbrazili kwa lugha yoyote anayoielewa.

Ni mimi babu yako, nisiye na kinyongo na mashine,
Mwalimu Sadalla Mbaruku

Nyongeza: Bibi yako Mwanasiti ameisoma barua hii, akaomba kuziona shughuli ishirini na nne nilizojiandikia mimi. Ameuliza mazishi ya Pangani nilikwenda na nani, maana siku ile alinikanda mgongo kutwa. Amefuta sita. Kisha, bila kuulizwa, amekumbuka mazishi mawili ambayo Tahiri alikuwapo na hakuyaandika. Nimeingiza idadi hizo katika kanuni yako, nimetoka wa tano. Wa tano haendi Mkwaja kabisa. Hubaki nyumbani kulinda kuku. Kwa hiyo nayaondoa maombi yote, hasa la nne. Kifuko kiendelee kumwamini kila mtu kama kinavyofanya sasa. Mwanasiti amekubali kunyamaza hadi Jumapili, kwa sharti kwamba Tahiri akizungumza, nisimsahihishe.