Mpira Ndani ya Kabuti

Jumatatu, 4 Machi 2019
Uchaguzi wa dairekta wa sosaiti yetu ya wakulima wa kahawa ni Jumamosi, pale kiwandani. Tunapiga kura kwa mlolongo: mgombea anasimama mbele, watu wake wanapanga foleni nyuma yake. Akikaa chini kabla ya hesabu kuisha, amejiondoa. Ndivyo nilivyokosa kiti safari iliyopita. Mgongo! Nilichuchumaa kidogo tu, jirani yangu Kithinji akapita. Nikikosa tena sitaweza kuonekana hapa Githongo mchana.

Daktari wa viungo kule Meru amesema ninunue mpira mkubwa wa mazoezi. Eti nikiukalia na kuyumba polepole, misuli ya tumbo na mgongo itakaza. Nimeupata kwenye mitumba. Ni wa pinki. Hakukuwa na mwingine.

Jumanne, 5 Machi
Nimeujaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Nimeukalia. Nimeangukia migomba. Mke wangu Jedidah ameuliza kama daktari alitaja migomba.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeyumba asubuhi nzima bila kuanguka, kisha nikapalilia kahawa mpaka saa saba. Mgongo kimya. Jedidah akasema basi, Baba Kiende, umepona, Jumamosi usimame kama watu wengine. Lakini mimi nawaza mbali. Mimi ni mrefu, Kithinji ni mfupi. Nikiukalia mpira ndani ya kabuti refu la marehemu baba, tunalingana. Nani atajua nimekaa? Kwa nini nijichoshe bure?

Jumamosi, 9 Machi
Aibu tupu. Foleni yangu ilikuwa ndefu kuliko ya Kithinji, hata yeye aliona. Yake ikahesabiwa kwanza. Jua likawaka, kabuti likanichemsha, nikajisogeza kidogo nipate hewa. Mpira ukachomoka. Mimi chali, wenyewe ukateremka mpaka kwenye meza za kuanikia kahawa, ukagonga moja iliyolegea mguu. Kahawa ikaanza kumwagika mtaroni.

Sasa ni mkulima gani ataona kahawa inamwagika abaki kwenye foleni? Watu wangu wote wakatoka mbio kuiokoa. Jedidah alitangulia. Watu wa Kithinji nao walikimbia, ila wao walikuwa wameshahesabiwa. Karani alipofika kwangu hakukuta mtu, na mimi mwenyewe alinikuta nimelala. Akaandika nimejiondoa.

Kithinji ndiye aliyeniletea mpira. Akanipa pole. Kisha akauliza kama nauuza. Mtu mbaya sana.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani Mzee Marete aliombea taifa, mvua, wagonjwa na ng'ombe, sisi sote tukiwa tumesimama. Sikusikia maumivu hata kidogo. Jedidah akaninong'oneza kwamba jana ningesimama hivi hivi, leo ningekuwa dairekta.

Hajui siasa. Nimelifikiria jambo hili mahubiri yote, na kosa nimeliona. Mpira ulikuwa mwepesi. Uchaguzi ujao nitaujaza maji.