Chungu Chekundu cha Shangazi Kavutha

Jumatatu, 4 Agosti

Wavinya ameondoka asubuhi kwenda Kibwezi kumwona mama yake, goti limemsumbua tena. Anarudi Jumamosi. Ameniachia amri moja tu. Alinipa ndani, akairudia mlangoni, kisha akaipaaza kutoka barabarani hadi orofa ya nne, mtaa mzima wa Huruma ukisikia: nisiguse chungu! Mimi Kimeu, mume wake! Karani mzoefu wa kampuni ya mizigo, ingawa kwa sasa niko kwenye likizo ambayo sikuiomba.

Niliweke jambo hili wazi. Shangazi Kavutha, dada ya baba yake Wavinya, ana hoteli Kariobangi, karibu na mafundi wa jua kali. Mgongo umekataa kazi. Anataka kumwachia mmoja wa watoto wa kaka yake: mke wangu, au dada yake Mwikali, aliyeolewa na Kiema. Mwaka jana alipomtembelea binti yake Ubelgiji alirudi na vyungu viwili vya chuma, vizito kama dhambi, vimepakwa enameli: nje rangi, ndani weupe laini kama kikombe cha chai. Chekundu kikaja kwetu, cha buluu kikaenda kwao. Sasa ametangaza kwamba Jumapili baada ya kanisa atakula kwetu, vyungu vyote viwili viwe mezani, aone vimetunzwaje. Kisha ataamua.

Wavinya amemenya viazi katika hoteli ile tangu akiwa msichana wa shule. Hakuna kitu anachokitaka zaidi duniani. Mimi pia nina ndoto. Nataka kuitwa Mkurugenzi.

Saa ya chakula cha mchana, balaa. Mwanyumba wangu Kiema ametuma picha kwenye kikundi cha familia. Chungu chao! Kinametameta! Kimekaa juu ya kabati la sebuleni, kwenye kitambaa cha kufuma, na maua ya plastiki ndani. Chini ameandika, "Tuko tayari, Anti." Mnafiki mkubwa! Suruali yake ina mkunjo wa pasi hata akiwa amelala.

Nikafunua chetu. Ndani kuna duara la rangi ya chai, alama ya maharagwe ya mwaka mzima. Aibu gani hii? Wavinya anapika vizuri, lakini kusugua hajui. Bahati yake aliolewa na mwanamume mwenye mipango.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekisugua.

Mama yangu kule Mwingi alisugua sufuria kwa mchanga na jivu mpaka kuku walipigana na sura zao humo. Mwanamke alijulikana kwa sufuria zilizoanikwa uani. Basi nikapanda na chungu hadi paani penye kamba za nguo, nikiwa na waya wa kusugulia, mchanga wa mafundi wanaojenga ploti ya pili, na jivu. Nimesugua hadi mkono ukafa ganzi.

Duara limetoka. Lakini na mng'ao umetoka nalo! Mwanzoni nilidhani ni vumbi. Nikasuuza. Nikasugua tena kwa nguvu zaidi ili kuurudisha. Ukazidi kupotea. Sasa ndani ni kama ukuta uliopigwa chokaa. Sufuria hufanya kinyume! Ubelgiji wanatengeneza vitu gani hawa?

Mama Zubair, jirani yetu wa mlango wa pili, akapanda kuanika shuka. Alipoona ule waya alishika kifua. Ana chungu kama hicho, mumewe Abdurahim alimletea kutoka Dubai, na tangu hapo anajiona profesa. Akanisomea: ni maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini; doa likikataa, beking soda kidogo; mwiko wa mti, si kijiko cha chuma; moto mdogo; na kisipigwe na maji baridi kikiwa cha moto. Akauliza kama na meno yangu huwa nayasugua kwa mchanga.

Nikamjibu kwamba Wakamba tulikuwa tukipika kabla hajazaliwa. Akasema hilo halina shaka, ila si katika hiki.

Wivu tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nikawaza: chungu kilichoparara hurudiwa na uhai kikipikiwa. Mafuta yataingia. Mng'ao utarudi. Nikaamua kupika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa anayoyapenda Shangazi, ili pia nifanye mazoezi.

Nilikuwa mwangalifu sana! Nilikoroga udongo na maji, nikaupaka chungu nje kote, kama alivyofanya mama na sufuria zake ili masizi yasishike. Nikawasha jiko la makaa kwenye baraza. Gesi ni ya watu wavivu. Nikapepea mpaka makaa yakawa mekundu kuliko chungu chenyewe, nikakiweka kitupu kipate moto kwanza. Nikaenda ndani kutafuta muthokoi ambao Wavinya huuficha, sijui ananificha nini katika nyumba yangu.

Niliporudi kilikuwa kinafuka moshi. Nikatia mafuta, yakawaka. Nikatia muthokoi na maharagwe, yakashika chini papo hapo. Nikachokonoa kwa kijiko cha chuma, maana mwiko ulikuwa mbali. Nikashika kishikio cha kifuniko kwa mkono mtupu. Sitaandika nilisema nini. Mama Zubair amesema ameyasikia na kwamba ana watoto.

Kwa hasira nikakimiminia jagi la maji baridi.

Paa! Nikaruka. Ule mlio, nadhani, ulisikika hadi Mathare. Nikakikamata kwa vipande viwili vya katoni, kama tunavyoepua sufuria, lakini sufuria huwezi kulinganisha na mzigo huu. Kikaniponyoka, kikagonga ukuta wa saruji. Kipande chekundu cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba kikaruka kutoka ubavuni, kikaanguka barabarani. Nimeshuka kukitafuta. Nimepata vifuniko vya soda tu.

Na ule udongo? Umeokwa. Umekuwa tofali. Nimeubandua kwa kisu.

Kiema ametuma picha nyingine. Safari hii anakipangusa kwa leso.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango! Mbona sikufikiria mapema?

Nimekibeba chungu hadi Kariobangi kwa Otiende, anayepaka matatu rangi. Nikamwonyesha lile pengo tu. Nikamwambia doa dogo, rangi ileile, mtu asijue. Akakigeuza, akauliza, "Buda, hii ni ya kupika ama ni ya mazoezi ya gym?" Nikamwambia apake rangi, maswali awaachie polisi. Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi alikuwa amekipaka nje chote! Chekundu cha kuumiza macho. Na kiunoni mstari wa manjano, na ubavuni mwali wa moto! Otiende hawezi kuacha kitu kikiwa kitupu, mkono unamwasha. Alisema mwali ni zawadi.

Nilipokuwa natoka akanipa onyo moja, kwamba rangi hiyo haipendi joto. Nisikiweke motoni.

Nikamkumbusha kwamba ni chungu.

Akasema hiyo sasa ni shida yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikulala vizuri. Nyumba nzima inanuka rangi. Lakini akili yangu hufanya kazi vizuri zaidi ikibanwa. Kama chetu hakiwezi kupanda, basi chao kishuke! Haki sawa.

Nimeenda Donholm kwa Kiema nikiwa na mfuko wa muthokoi na uso wa upendo. Nikamwambia Mwikali kwamba Shangazi atafurahi kusikia wamepikia chungu chao kabla ya Jumapili. Nikamshauri atumie moto mkali. Nikajitolea hata kukisugua baadaye.

Mwikali alinitazama kama nimependekeza kukaanga samaki kwenye Biblia. Akasema kile si cha kupikia, ni cha wageni kuona. Hakijawahi kukutana na moto tangu kitoke ndani ya boksi. Watoto wanaruhusiwa kukitazama wakiwa wamekaa. Kiema akatoa yale maua ya plastiki, akapangusa petali mojamoja, akayarudisha. Ndani kulikuwa kweupe mpaka nikaona koo langu likimeza mate. Mambo mengine Mungu huwapa watu wasiostahili.

Muthokoi wangu wamebaki nao. Nikapewa chai bila sukari, ati Kiema anajali afya.

Nimerudi nyumbani nimeshindwa. Ninafikiria kuugua.

Jumamosi, 9 Agosti

Wavinya amerudi.

Nilikuwa nimekifunika chungu kwa shuka, nikaweka redio juu. Hakuvua hata kofia. Akaenda moja kwa moja, akatoa redio, akavuta shuka.

Nilitegemea kelele. Kelele nimezizoea, nina majibu yake. Badala yake akakaa kwenye kigoda, akakipakata kile chungu mapajani na mwali wake wa moto, akapitisha vidole ndani, polepole. Kisha akalia. Bila sauti. Akasema kwamba kila akikivuta hicho chungu jikoni alikuwa anajiona yuko kwa hoteli, anawaita watu waje kula.

Niliumia. Naandika kama ilivyo. Niliumia kuliko nilivyoungua na kile kishikio cha moto.

Nikampa mipango mitatu ili kumfariji. Tuseme ni wezi. Mafuriko. Au tuzime taa, tule kwa mshumaa, Shangazi haoni vizuri. Akakataa yote mitatu kwa neno moja ambalo mke wa Mkristo hapaswi kulijua. Akasema Anti atakiona kilivyo.

Akamwita Mama Zubair. Wakaleta thina na vitambaa, wakaitoa ile rangi yote nje, wakaosha, wakaosha tena. Beking soda ikakaa ndani, yale ya kuungua yakalegea. Hakuna aliyenisemesha. Mama Zubair aliagiza tu, kupitia kwa Wavinya, kwamba mume asimame mbali na maji.

Wavinya ameloweka muthokoi. Anaupikia humo humo! Nimemwambia amechanganyikiwa. Hoteli imekwenda.

Jumapili, 10 Agosti

Kiema alifika wa kwanza, bila shaka, na chungu chao kwenye boksi, kimefungwa shali ya mtoto. Akakiweka mezani, akapanga na maua. Kikang'aa kama gari la harusi. Chetu kilikuwa kwenye gesi tangu alfajiri, moto wa mshumaa, kimefunikwa, kimekwaruzwa, kina pengo. Nilitamani kukaa chini ya meza.

Shangazi Kavutha akapanda ngazi zote bila kupumzika, mgongo mbaya na yote. Akasalimia, akaomba, akakivuta chungu cha buluu. Akatoa maua. Akachungulia. Akakigeuza chungu, na chini, mbele yetu sote, kulikuwa na ile karatasi ya dukani, bado imebandikwa!

Akamuuliza Mwikali amepika nini humo. Mwikali akamtazama mumewe. Kiema akajibu kwa fahari kwamba hawajathubutu, wamekiheshimu. Shangazi akasema, "Kiema, mimi niliwapa chungu. Mwaka mzima mmekuwa mkipikia wapi?"

Akaja kwa chetu. Alipoliona lile pengo nikasimama kueleza juu ya maji ya Huruma, chumvi yake, jinsi yanavyokula chuma. Akaniambia nikae. Akauliza nani amefanya hivi. Wavinya alikuwa na nafasi yote ya kunitupa jalalani, hata mimi ningejitupa. Akasema, "Ni sisi, Anti. Ni kwa nyumba yetu."

Shangazi akanitazama muda mrefu. Anajua. Wanawake wa familia ile wanajua kila kitu.

Kisha akafunua. Mvuke. Muthokoi laini, maharagwe mazima, hakuna hata punje iliyoshika chini. Akasukuma chakula kando kwa mwiko, akachunguza kama ndani kumepasuka. Hakujapasuka, ni mikwaruzo tu. Akala. Akaongeza. Akaongeza tena. Kiema alikuwa anakunjua mkunjo wa suruali na kuukunja upya.

Mwishowe akafuta mdomo, akatamka: mtu anayeweza kutoa chakula hiki katika chungu kilichopita mikononi mwa Kimeu, huyo Kariobangi haitamshinda. Hoteli ni ya Wavinya. Akatoa funguo shingoni, akamvisha.

Wavinya alilia tena, safari hii kwa sauti. Nami nililia kidogo. Moshi.

Kuna sharti moja, aliloniambia Shangazi akinishika sikio kama mtoto: nisiguse chungu chochote cha hoteli ile, wala sufuria.

Sawa. Lakini tufikirie kwa haki. Kama chungu kingebaki kizuri, Wavinya angeonyesha ustadi wake kwa njia gani? Mtu mmoja aliona mbali. Sitaki shukrani.

Jumanne, 12 Agosti

Niko hotelini. Kazi yangu ni kupanga mabenchi na kukaa nje. Mkurugenzi wa Mabenchi, Wavinya ananiita, na mafundi wa jua kali wanacheka sana.

Saa hizi mke wangu na Shangazi wameenda sokoni. Nimeingia jikoni kuangalia tu, mikono mgongoni. Nimetimiza sharti. Sijagusa chungu, sijagusa sufuria.

Lakini lile bamba la chuma la kukaangia chapati! Mungu wangu! Jeusi tititi, limepakaa mafuta ya miaka yote, hakuna aliyewahi kulisugua tangu Shangazi alinunue. Mpishi anasema ndivyo linavyotakiwa, ndiyo maana chapati hazishiki. Uvivu huo! Wateja wataona nini? Na Kiema akipita?

Nimemtuma mpishi akalete makaa. Waya mpya ninao mfukoni, ule wa nyuzi nene. Mchanga uko pale kwa mafundi, wa bure.

Wakirudi sokoni watajiona humo sura zao. Kisha tutaona nani ni Mkurugenzi.