Nilivyoingia Usaili na Trei Mdomoni

Leo nimeadhirika, tena nikiwa nimepiga pasi.

Kwa msionijua, mimi ni daktari wa meno, natibu kwenye kliniki ndogo hapa Kicukiro, Kigali. Naziba, nang'oa, nasafisha. Lakini ninachokililia tangu chuoni ni ubingwa wa kunyoosha meno, wale madaktari wanaofunga nyaya mpaka meno yaliyopinda yanajipanga. Nafasi za masomo ni mbili tu. Waombaji tumejaa, na wote wana akili (nimewachungulia mitandaoni, nikazima simu). Mwaka jana niliomba, hata usaili sikuitwa. Safari hii nikaitwa, tena wa kwanza kuingia!

Jambo moja mlijue mapema. Meno yangu mwenyewe yamepinda. Ya mbele yamepandana kama watu wanaogombania kutokea kwenye picha. (Ndiyo, najua. Mganga hajigangi.)

Asubuhi nimetoka nyumbani Masaka kwa moto, hizi pikipiki zetu za abiria, mvua inanyesha, suruali nimeikunja magotini ili tope lisinirukie. Nikafika mapema hospitalini kwenye usaili, nikakaa kwenye korido, nikampigia mama. Mama alinilea Mwanza, mpaka leo tunaongea Kiswahili.

"Uwe na adabu, mwanangu," akaniambia. "Wakikwambia kaa, kaa. Wakikwambia simama, simama. Usijifanye mjuaji."

"Sawa, mama."

Nimekata simu tu, nesi akatoa kichwa kwenye mlango wa karibu. Alikuwa amenisikia, akanisemesha Kiswahili chetu cha Kigali.

"Dada, ni wewe ya kwanza?"

"Ndiyo, ni mimi wa kwanza."

"Basi ingia. Daktari iko anakungoja."

Nikaingia. Nilitarajia meza ndefu na maprofesa. Nikakuta kiti cha mgonjwa, kile cha kulala chali, na taa juu yake.

"Kaa," nesi akasema.

Nikakaa. (Adabu!) Akanifunga kitambaa cha plastiki kifuani. Hapo ndipo akili yangu ikafanya kazi, na bora isingefanya. Nilishasikia fununu kwamba jopo hili linapenda mitego. Nikajiambia, ahaa, huu ni mtihani wa vitendo! Wamenilaza mahali pa mgonjwa waone jicho langu la kitaalamu.

Akaja daktari. Mwembamba, barakoa usoni, kofia mpaka kwenye nyusi, yanaonekana macho tu. Nikamkadiria ni mwanafunzi wa mwaka wa pili.

"Karibu, dada. Kiswahili hicho umekitoa wapi?"

"Mwanza, daktari."

"Mimi nilisoma Dar. Haya, tufanye upesi kidogo, nina kikao. Fungua mdomo."

Nikafungua. Akamulika, akaguna.

"Mmh! Haya meno yana kazi."

(Nikaona, huyu anaigiza vizuri sana.)

Akaanza kuandaa dawa ya kuchukulia chapa ya meno. Ni unga unaokorogwa na maji mpaka unakuwa uji mzito, wa pinki, unanukia mnanaa. Unajazwa kwenye trei, trei inabanwa kwenye meno, unaganda, ukitolewa unabaki na umbo la meno yako. Kazi hiyo naifanya kila wiki. Nikamtazama anavyokoroga, nikaona wakati wangu wa kung'ara umefika.

"Samahani," nikasema kwa sauti ya mhadhiri. "Naomba nitaje kasoro."

Mkono wake ukasimama. "Kasoro?"

"Ya kwanza, uji wako una maji mengi. Ya pili, hujamwambia mgonjwa apumue kwa pua, atapaliwa. Ya tatu, kiwiko chako kiko juu mno. Utakuja kuumwa bega."

Nesi akageuka akatazama ukuta.

"Dada, wewe unafanya kazi gani?"

"Daktari wa meno," nikajibu kwa tabasamu, na meno yangu yote yaliyopandana.

"Aaa," akasema taratibu. "Basi pumua kwa pua."

Akanijaza uji mdomoni, akabana trei. Nikapumua kwa pua, nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja amelowa chapachapa.

"Daktari, unisamehe, moto imekufa njiani. Mimi ndiye mgonjwa wako wa kwanza."

Daktari akamtazama yule mama. Akanitazama mimi. Akamtazama nesi. Na mimi nikaanza kuelewa, polepole, kama mtu anayesikia maji yanaingia ndani ya viatu. Papo hapo, sauti kutoka koridoni:

"Daktari Uwamahoro! Wa usaili, wa kwanza! Daktari Uwamahoro yupo?"

Mtu mwenye akili anatoa trei, anaomba radhi, anakwenda taratibu. Mimi nilichokiona ni nafasi yangu inapewa mtu mwingine. Nikaruka kitini.

"Subiri!" daktari akapiga kelele. "Haijaganda!"

Subiri wapi! Nikakimbia korido nzima, kitambaa cha plastiki kinapepea kifuani, mpini wa trei umetokeza mdomoni kama kijiko cha mtoto mkaidi. Washindani wangu wote wameketi kwenye benchi, suti safi, wananitazama. Mmoja akajikunyata kunipisha.

Nikaingia. Meza ndefu hii hapa! Viti vinne, kimoja kitupu. Katikati Profesa mmoja, mama wa makamo mwenye miwani. (Usaili ni Kiingereza, nawatafsiria. Nilichosema mimi hakihitaji tafsiri.)

"Karibu. Jitambulishe."

"Hihi hi Hahahi Uhahaho."

Mzee aliyekuwa kushoto kwake akasogeza sahani yake ya mandazi mbali nami.

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mimi bado nipo. Akainuka, akaja mpaka karibu, akanigusa bega.

"Usivute kwa nguvu. Inua shavu kwanza, hewa iingie. Hivyo. Sasa vuta."

Nikavuta. Pwaa! Ule mlio niliusikia mpaka uti wa mgongo. Uzi wa mate ukanifuata, nikaufuta kwa kitambaa cha plastiki, ambacho hakifuti kitu.

Akaipokea trei kwa karatasi laini, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Meno ya nani haya?"

"Yangu, Profesa."

"Utayatibu vipi?"

Jamani. Nimesoma vitabu miezi, nimejiandaa kwa maswali ya kila aina, naulizwa kuhusu mdomo wangu mwenyewe! Nikaeleza. Taya la juu ni jembamba, meno hayana pa kukaa. Ningeng'oa mawili ya pembeni kupata nafasi, kisha nyaya. Sauti ikatulia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilikuwa najua ninachosema.

"Na mbona hujayatibu?"

Nikakitazama kitambaa cha plastiki kifuani.

"Nilipokuwa mtoto hatukuwa na uwezo," nikasema. "Nilikuwa nacheka nimeziba mdomo kwa mkono. Nilipopata uwezo, nilikuwa tayari daktari. Nikaona haya kukaa kwenye kiti cha mgonjwa."

Profesa akataka kusema kitu. Mlango ukafunguka.

Ni yule daktari mwembamba. Barakoa ameitoa. Ndevu nyeupe pe! Akaja moja kwa moja, akaketi kwenye kile kiti kitupu.

"Niwieni radhi kwa kuchelewa," akasema. "Mgonjwa wangu alinitoroka."

"Huyu ndiye mkuu wa mafunzo," Profesa akanifahamisha. "Ukipata nafasi, yeye ndiye atakayekufundisha."

Niliomba sakafu ipasuke. Haikupasuka.

Mkuu wa mafunzo akaweka viwiko mezani (chini, safari hii), akanikazia macho.

"Daktari Uwamahoro, uliishia kasoro ya tatu. Ya nne ni ipi?"

Sijui nini kilinipata. Mdomo ulijibu wenyewe.

"Ulimwachia mgonjwa akakimbia na trei."

Mzee wa mandazi alipaliwa. Profesa akainamisha kichwa mezani, mabega yanatetemeka. Mkuu wa mafunzo peke yake hakucheka. Akaichukua ile trei, akaitazama muda mrefu.

"Uji ulikuwa na maji mengi kweli," akasema. "Chapa imeharibika. Itabidi irudiwe."

Wakaniuliza maswali mengine, nikayajibu, siyakumbuki hata moja. Nikatoka, nikapanda moto, nikafika kazini Kicukiro, ndipo mgonjwa wangu wa kwanza akaniuliza kwa upole kwa nini nimevaa kitambaa cha plastiki.

Majibu ya usaili bado. Ila mchana nesi amenipigia simu: Jumanne nirudi kwa mkuu wa mafunzo kuchukuliwa chapa upya, amekubali kunifunga nyaya. Kwa hiyo msinicheke sana. Idara ya kunyoosha meno nimeshaingia. Ni kwa mlango wa wagonjwa, lakini nimeingia.