Redio Yetu Iko Salama Chini ya Kitambaa

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Kuchagua Redio ya Kwanza ya Mawasiliano, Ifakara, inautangazia umma kwamba kazi imekamilika. Redio imepatikana, iko mezani kwa Mwenyekiti, na ni nzima kabisa. Haijawahi kuwashwa.

Mimi ndiye Katibu, Remigius. Najua huko mtaani mnasema tulilala. Hatukulala hata kidogo, tulikuwa kwenye vikao.

Chanzo cha yote ni Mwalimu Agnella wa Mlabani. Kila masika mto ukijaa, wakulima waliohamia mashambani hukwama kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti vya kulindia mpunga, na simu hazishiki mtandao. Mama yake, Scolastica, ana dungu lake ng'ambo ya mto, njia ya Lupiro. Mwaka jana alikaa juu yake na njaa mpaka maji yalipochoka yenyewe. Basi Agnella akasomea mambo ya redio, akapata leseni, akaja kutushauri sisi tunaoanza: tununue redio mbili ndogo za mkononi, na antena nzuri ipandishwe juu.

"Za mkononi?" akauliza Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kasmiri. "Zile wanazoshika mabaunsa ukumbini?"

"Ndizo, mzee. Anayeanza anaanza na kidogo. Ila antena ndiyo kila kitu."

Kwa kuwa kamati ni ya watu wazima, tulichagua kwa vigezo vya kitaalamu, yaani uzito na wingi wa vitufe. Ikapatikana redio ya mezani ya kubebwa na watu wawili. Antena tuliikataa kwa kauli moja, maana waya juu ya paa ungeharibu sura ya ofisi. Nailoni hatukuitoa, kwani kitu kikitolewa nailoni kinazeeka. Mke wa Mwenyekiti akaifumia kitambaa cheupe chenye maua. Ilipendeza mpaka watoto wa kipaimara wakawa wanaletwa kupigia picha pembeni yake.

Kisha Mwenyekiti akatunga Kanuni. Redio isiwashwe bila Mwenyekiti kuwepo. Ujumbe wa dharura usifanyiwe kazi kabla ya kikao. Kikao kisikae bila Mwenyekiti. Nilizigonga mhuri kwa mkono wangu mwenyewe, na nilijisikia fahari.

Agnella hakubishana. Alijinunulia vile vidude viwili, kimoja akampa mama yake, akasimamisha mwanzi mrefu nyuma ya nyumba na kufunga antena kileleni. Sisi wa ofisini tulimcheka mpaka tukashika mbavu.

Masika yakafika. Mwenyekiti akaenda ng'ambo ya mto kukagua hali ya mafuriko, ambayo kwa bahati nzuri ilikuwa kwenye mpunga wake. Saa tisa mchana Agnella akaniita nyumbani kwake upesi. Redio yake ndogo ilikuwa inaongea.

"Mwanangu, maji yamezunguka dungu," ilisema sauti ya Mama Scolastica. "Niko na baba mmoja, gari lake limezama. Anasema yeye ni mheshimiwa. Nimempisha akae, lakini dungu linayumba."

Agnella akanikabidhi redio, akatoka mbio kuwatafuta wavuvi. Hata ruhusa hakuomba.

"Remigius," ikaja sauti ya Mwenyekiti, imelainika. "Tuma mtumbwi sasa hivi."

Nampenda sana mzee yule. Lakini utaratibu ni utaratibu.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Ujumbe tumeupokea. Utafanyiwa kazi mara kikao kitakapokaa."

"Kaeni sasa."

"Hatuwezi kukaa bila wewe, mzee."

"Basi futa hiyo kanuni."

"Kufuta kanuni ni ajenda, Mwenyekiti. Na ajenda inaletwa kikaoni."

Nikasikia maji yakipiga nguzo.

"Mjinga gani alitunga kanuni hizi?"

Nikamjibu kwa adabu zote kwamba ni yeye.

"Kumbe ni wewe, baba?" akauliza Mama Scolastica huko nyuma.

"Redio inakatakata," akasema Mwenyekiti, ingawa mimi nilimsikia vizuri sana.

Wavuvi waliwafikia kabla ya giza, kwa mtumbwi ambao kamati haijauidhinisha hadi leo. Mwenyekiti alikuja moja kwa moja ofisini, hana viatu, suruali matope matupu, Agnella na mama yake wakimfuata. Tukasimama. Akaitazama redio yake ndani ya nailoni. Akavuta kile kitambaa chenye maua, akajifutia kichwa na masikio. Kisha akamgeukia Agnella, ambaye ni rika la kitindamimba wake.

"Mwalimu," akasema, "shikamoo."

Agnella akaangalia chini. Mama yake ndiye aliyeitikia.

"Marahaba, baba. Sasa panda juu ya paa ufunge antena."

Taarifa rasmi ya kamati inasema Mwenyekiti alipanda huko kwa ajili ya ukaguzi.